Kila Sala na Saa Yake

Kwetu Kamachumu, miaka ya 1970, sala ilikuwa na wenyewe na ilikuwa na saa zake. Ya alfajiri ilikuwa ya Bibi. Ya mchana, ile isiyosikika, ilikuwa ya Mama akiwa migombani. Ya usiku ilikuwa ya Baba, baada ya taarifa ya habari. Alhamisi jioni ilikuwa zamu ya waliookoka, na Jumapili ilikuwa ya usharika mzima. Kisha ilikuwapo moja isiyo na siku wala saa, iliyokuja yenyewe msiba ulipoingia. Hiyo ndiyo tuliyoifahamu mwisho, na ndiyo ninayoona sasa inatutoka mikononi.

Mwinjilisti wa mtaa wetu alipenda kututajia kwamba mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, anataja dua, sala, maombezi na shukrani kwa mkupuo mmoja. Tulimsikia, lakini tofauti zake hatukuzipata kwake. Tulizipata kwa kulala chumba kimoja na Bibi.

Bibi alianza kufundishwa dini akiwa msichana mdogo, enzi ambazo wamisionari wa Betheli, waliofika Buhaya mwaka 1910, walikuwa wameondolewa na Vita Kuu ya Kwanza, na Wakristo wenyewe wa Kihaya ndio waliobaki kulishika kanisa. Nadhani ndiyo maana hakuwahi kumsubiri mchungaji kwa jambo lolote la sala. Aliamka majogoo ya kwanza, akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake ikigusa nyasi zilizotandazwa sakafuni, akaanza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya siri.

Alianza na shukrani. Alishukuru kwa kuamka, kwa mvua ya jana, kwa ng'ombe kutovunja mguu kwenye mteremko wa mtoni. Ndipo alipoingia kwenye majina. Aliwataja watoto wake kuanzia wa kwanza, kisha wajukuu, nyumba kwa nyumba, na kila jina alilipa neno moja tu. Huyu ana kikohozi. Huyu amekwenda Mwanza na hajaandika barua. Huyu ni mkaidi, umlainishe. Waliokufa aliwataja pia, lakini kwao hakuomba kitu. Alishukuru kwamba walikuwapo. Nami nilijilaza kimya chini ya blanketi nikisubiri zamu yangu. Kusikia jina lako likitajwa gizani, na mtu asiyejua kuwa umeamka, ni fundisho ambalo hakuna darasa la dini lililowahi kunipa.

Siku moja nilimwuliza, "Bibi, mbona unashukuru kwanza, na shida zetu ni nyingi hivi?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, ukiingia kwa jirani unaanza na salamu, au unaanza na kuomba chumvi?"

Hilo ndilo lililokuwa somo lake zima juu ya shukrani, na sijaona kitabu kilichonifafanulia vizuri zaidi.

Mama hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa jembe. Kibanja chetu kilikuwa na migomba, mibuni chini yake na maharage katikati, na yeye ndiye aliyekijua shina kwa shina. Ukimfuata shambani ulimsikia akisema neno moja au mawili, kisha jembe, kisha kimya kirefu. Mara "Bwana, huyu mtoto." Mara "Asante." Akiombwa kusali mbele ya watu alisema "Amina" na kukaa, na Baba hakumlazimisha hata mara moja. Wageni walidhani labda imani yake ilikuwa hafifu. Sisi tuliokuwa nyuma yake tukiokota magugu tulijua kwamba hakuna saa ya mchana aliyoiacha tupu.

Alhamisi jioni sebule yetu ilijaa. Uamsho, vuguvugu la kiroho lililoanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, ulifika Buhaya kabla ya Vita Kuu ya Pili, na Baba aliokoka akiwa kijana. Walikuja wakulima, walimu, mama wauza ndizi, na karani mmoja. Walisalimiana kwa "Bwana asifiwe," wakaimba, wakasoma Neno, kisha wakaanza kile walichokiita kutembea nuruni. Kila mmoja aliyesukumwa moyoni alisimama akasema alipoanguka wiki ile.

Namkumbuka mzee mmoja aliyesimama akishika kofia yake kwa mikono miwili. Alisema kwamba msimu uliopita alichanganya vijiwe kwenye gunia la kahawa ili mizani ipande. Chumba kilitulia. Hakuna aliyemkemea, hakuna aliyemwambia si kitu. Mmoja wa wazee aliuliza tu, "Ndugu, umeshakwenda kwa mwenye mizani?" Akajibu bado. "Basi kesho, twende wote." Ndipo wakasimama na kuimba "Tukutendereza", wimbo wa Kiganda ambao Uamsho uliusambaza Afrika Mashariki nzima, wakamshika mkono mmoja mmoja. Kulipokucha niliwaona wakipita barabarani, mzee yule na wenzake wawili, wakielekea kwenye chama cha msingi cha ushirika na pesa zimefungwa kwenye kitambaa.

Ndivyo nilivyojua kwamba toba ni sala inayopaswa kutoka nje ya mlango. Niliona pia jinsi ilivyolindwa. Kuna siku mama mmoja alianza kuungama, na kidogo kidogo maungamo yake yakageuka kuwa habari za jirani yake. Wazee hawakumwacha aendelee. "Mpendwa, ungama ya kwako," wakamwambia, naye akanyamaza. Pasipo uangalizi ule, mikutano ile ingekuwa baraza la umbea. Pakiwa nao, niliona watu waliokuwa hawasemezani wakilima pamoja.

Jumapili tulisali kwa namna nyingine kabisa. Kengele yetu ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mti, na mlio wake ulifika mpaka bondeni. Kanisani hapakuwa na mtu wa kujitungia maneno. Tuliungama kwa pamoja kwa maneno yaliyoandikwa, tukaimba kutoka Mwimbieni Bwana, tukasimama kwa sala ya kanisa ambamo mchungaji aliwaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi wa nchi na wanaofiwa. Ijumaa Kuu tuliimba Litania, mwinjilisti akitangulia na sisi tukiitikia, mpaka watoto wadogo wakaweza kuitikia wakiwa usingizini.

Baadhi ya waliookoka walidharau sala hizi za kitabu wakisema hazina moto. Baba hakukubaliana nao. Alisema zipo siku ambazo mtu anafika kanisani hana neno hata moja, na siku hizo kanisa linamwazima maneno ya waliomtangulia. Aliyasema hayo kwa wepesi. Miaka mingi baadaye mimi mwenyewe niliishi kwa maneno hayo ya kuazima kwa muda mrefu, na yalinibeba.

Jumapili ya mavuno ndiyo tuliyoingoja mwaka mzima. Mikungu ya ndizi ilipangwa mbele ya madhabahu, magunia ya kahawa, kuku waliofungwa miguu, maboga, maharage, mayai kwenye vikapu vidogo. Ibada ikiisha, mnada ulianza nje. Mjane mmoja alileta yai moja, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Mnunuzi wa kwanza alilipa, akalirudisha liuzwe tena. Wa pili naye akalirudisha, na wa tatu. Yai lile lilileta fedha kupita mkungu wa ndizi. Yule mjane alisimama pembeni, uso umemng'aa, akishangilia na wengine. Shukrani ya Bibi ilikuwa ya mtu mmoja ukingoni mwa kitanda. Hii ilikuwa ya kijiji kizima, na hakuna aliyekuwa maskini mno kushiriki.

Sala ya Baba ilihitaji betri. Saa mbili kamili usiku aliwasha redio, tukasikiliza taarifa ya habari kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, na ilipokwisha aliizima na kusema, "Sasa tuyapeleke." Aliyoyasikia ndiyo aliyoyaombea. Kwa njia hiyo nilizijua Angola, Msumbiji, Rhodesia na Soweto kabla sijaziona kwenye ramani ya shule. Aliwaombea watu ambao asingewaona kamwe kana kwamba wamo kwenye orodha ya Bibi.

Mwaka 1977 ulimpa mengi ya kupeleka. Februari tulisikia kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda ameuawa. Serikali ya Idi Amin ilisema ni ajali ya gari, na hakuna mtu mzima kwetu aliyeamini. Luwum alikuwa mtu wa Uamsho, hivyo wazee wa Alhamisi walimlilia kama ndugu wa tumbo moja. Askofu mwenzake, Festo Kivengere, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mwalimu Dodoma, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe na kukimbilia Rwanda. Juni mwaka huohuo ikaja furaha: Fungamano la Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Josiah Kibira, askofu wetu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Baba alishukuru mpaka sauti ikamkauka.

Lakini tangu kifo cha Luwum kulikuwa na jina jipya kwenye sala yake ya usiku. Alimwombea Idi Amin. Hakumwombea afe. Alimwombea atubu, na aonewe huruma. Baadaye tulisikia kwamba Kivengere, akiwa uhamishoni, ametoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linasema anampenda Idi Amin, na Baba akasema kumbe hayuko peke yake.

Kisha vita vikatufikia sisi wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote hadi mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbilia kusini na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Nyumba yetu ilipokea ndugu na wasio ndugu, wakalala mpaka jikoni. Walisimulia mambo ambayo watoto tulifukuzwa ili tusiyasikie, nasi tukayasikia. Kaka yake Mama, aliyekuwa mgambo, aliitwa akaenda. Zikipita ndege tulizima taa na kukimbilia migombani.

Usiku mmoja wa juma lile Baba alizima redio, akasema kama siku zote, "Tuyapeleke." Aliwaombea waliokimbia, akawaombea wanajeshi wetu, akamwombea Mwalimu Nyerere. Halafu akataja jina la Amin, kwa maneno yaleyale ya siku zote. Chumba kilikuwa kimejaa watu ambao siku chache kabla walikuwa wameacha nyumba zao zikiungua. Alipomaliza, hakuna aliyeitikia. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imebana, na "Amina" haikutoka. Mzee mmoja kutoka Kyaka aliinuka akatoka nje.

Baba alimfuata. Kupitia dirishani tulimsikia akimwambia, "Mzee wangu, sikukuomba umsamehe leo. Mimi mwenyewe sijui kama nimemsamehe. Ninamwombea ili chuki isije ikaingia ndani ya nyumba hii ikakaa." Yule mzee hakujibu, lakini alirudi akalala kwetu, na kesho yake akakaa tena kwenye sala. Mama aliendelea kunyamaza alipofika jina lile, usiku baada ya usiku, na Baba hakumlaumu. Nilijifunza mambo mawili pale: kwamba maombezi kwa adui ndiyo sala ngumu kuliko zote, na kwamba anayeshindwa kuitikia bado ni mwenzetu katika sala.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mjomba alirudi. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Watu walicheza barabarani, na Baba alicheza nao. Usiku aliwaombea wajane wa pande zote mbili.

Vita vilipokwisha, vitu viliadimika. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la kipaimara, nikikariri Katekismo Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Tulipofika kwenye Sala ya Bwana, kwenye ombi la mkate wa kila siku, tulikuta Luther amelifungua ombi hilo mpaka likabeba chakula, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, watawala wema, hali nzuri ya hewa, amani, afya na majirani waaminifu. Mwinjilisti alituuliza, "Kwenu kunakosekana nini?" Tuliona aibu. Mmoja akasema sabuni. Mwingine akasema chumvi. Mafuta ya taa. Viatu. Betri za redio, nikasema mimi. Yeye akafumba macho na kuomba kila kimoja kwa jina lake, sabuni kwa sabuni, kwa heshima ileile aliyokuwa nayo akimwombea Rais. "Msione haya kuomba," alituambia. "Aliyetufundisha sala hii aliujua mji wenye njaa." Mpaka leo sikubali mtu anayesema kwamba kuomba vitu ni sala ya wachanga. Mwenye kukosa ana haki ya kusema amekosa.

Bibi alifariki mwaka 1982, kwa uzee, akiwa amekwisha kutuaga. Tulimzika kwa nyimbo. Asubuhi ya tatu niliamka majogoo ya kwanza na kusikia sauti nyingine, ya kusitasita, ikitaja majina kwa mpangilio uleule. Mama alikuwa ameishika saa ya mkwewe.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu. Watu walikuwa hawajalijua jina hilo. Waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, kwa sababu hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukonda na kufa. Baada ya miaka michache hapakuwa na kibanja kisicho na kaburi jipya. Waliokufa walikuwa vijana, wale wenye nguvu za kulima, na waliobaki walikuwa vikongwe na watoto.

Kwetu alianza shemeji, kisha dada yangu mkubwa. Tulimpeleka Ndolage, hospitali ya dayosisi iliyo jirani nasi, na wauguzi wakamhudumia kwa upendo ambao sitausahau, ingawa kwetu dawa haikuwapo wakati huo. Tulisali kila sala tuliyoijua. Tuliomba apone. Tulifunga. Wazee walikesha naye wakiimba mpaka alfajiri. Alipewa Meza ya Bwana kitandani. Aliungama, na kuungama kwake kulimpa utulivu ambao kila aliyeingia chumbani aliuona. Lakini hakupona. Baadhi ya wahubiri waliopita vijijini walisema wazi kwamba haya ni mapigo ya Mungu juu ya wenye dhambi, na maneno yale yaliwaingia wafiwa kama kisu, wakaanza kuzika usiku, kwa haraka, wakificha.

Dada alikufa mwaka 1987. Kaburi lilichimbwa kibanjani, karibu na la Bibi. Mwinjilisti yuleyule, sasa mwenye mvi, alisimama na Biblia, akatutazama muda mrefu. Alikuwa amezika watu wengi mwezi ule. Akasema, "Leo sina mahubiri. Nitasoma, halafu tumlilie Mungu." Akasoma Zaburi ya 88. Ni zaburi ambayo haigeuki mwishoni kuwa sifa. Mwimbaji wake anaanza na kilio na anaishia gizani. Aliisoma yote, akafunga kitabu, hakuongeza neno.

Ndipo Mama alipofungua kinywa. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kusali mbele ya watu alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akasali kwa Kihaya, kwa sauti iliyofika barabarani. Alimwambia Mungu kwamba amemtaja mtoto huyu kila asubuhi. Alimwuliza jina lake lilipotea wapi njiani. Alimwuliza ni nani atakayewalea hawa watatu waliosimama hapa, na kama Yeye anawaona. Alimwambia kwamba amechoka, na kwamba hana mwingine wa kumwendea, hivyo ataendelea kumwuliza. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye majani walianza kujongea kumnyamazisha. Mwinjilisti aliinua mkono akawazuia. Mama alipomaliza, pakawa na ukimya, na katika ukimya ule Baba akasema "Amina," kwa sauti kubwa, nasi wote tukaitikia.

Watu walizungumzia mazishi yale kwa miaka mingi. Hawakusema kwamba mama yule amekufuru. Walisema kwamba baada ya siku ile waliacha kuzika usiku. Pale mtu mmoja aliposema mbele ya Mungu na mbele ya kijiji kwamba hili ni jambo la kuliliwa, aibu ilianza kulegea. Katika misiba iliyofuata mwinjilisti alisoma zaburi za namna ile moja baada ya nyingine, na wafiwa walipewa nafasi ya kusema. Wengine walilia tu. Wengine walimwuliza Mungu maswali ambayo sitayaandika hapa. Na katika mikusanyiko hiyohiyo wanawake waligawana yatima, nani achukue nani, nani ana kitanda.

Mama alichukua watatu wa dada na wengine wawili wasio wa ukoo. Asubuhi orodha yake ilirefuka. Hakuacha shukrani, na aliianza kama Bibi alivyoianza, ingawa kwa muda mrefu ilikuwa fupi. Katika wale watoto, mmoja leo ni muuguzi, na ameniambia kwamba alijifunza kusoma moyo wa mtu kwa kumsikiliza nyanya yake alfajiri.

Ukubwani nilikutana na barua ambayo Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, mwaka 1535, baada ya kinyozi kumwuliza namna ya kusali. Luther anamwambia achukue amri moja ya Mungu na kuipitia mara nne: kwanza kama fundisho, kisha kama shukrani, kisha kama ungamo, kisha kama ombi. Nilifurahi sana kuisoma. Niliwatambua humo Bibi, wazee wa Alhamisi na mwinjilisti na sabuni yake. Lakini Mama wa siku ile ya kaburi sikumwona katika zile nne. Mama nilimkuta kwenye Zaburi, ambamo kama theluthi moja ya zile 150 ni vilio. Nilimkuta kwa Yeremia na kwa Ayubu. Nilimkuta Kalvari, ambapo Bwana mwenyewe, akifa, alichukua mwanzo wa Zaburi ya 22 kuwa sala yake.

Sasa ninaishi Mwanza, na ninasali na jumuiya ya mtaani kwetu. Makanisa yamejaa, mikesha ni mingi, na vijana wana bidii ambayo rika langu halikuwa nayo. Ninamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini ninaona kwamba kwa wengi wao sala imebaki moja: kudai na kupokea, kutamka ushindi, kukataa kila kilicho kibaya kwa jina la Yesu. Ni sala ya kweli, na ina siku yake. Tatizo linakuja siku ambayo kibaya kimekwisha kutokea.

Mwanamke kijana wa jumuiya yetu alipoteza mtoto. Wenzake katika mkutano mmoja wa maombi walimwambia asilie, kwa kuwa kulia ni kukosa imani. Akaacha kulia, akaacha pia kuja kwenye sala yoyote. Tulipomtembelea aliniambia, "Mama, sina cha kumwambia Mungu. Ninachotaka kumwambia nimekatazwa." Sikumhubiria. Nilimsomea ile zaburi ya 88, nikamsimulia jinsi Mama alivyosali kibanjani. Alilia mpaka jioni. Alipotulia alisali mwenyewe, na yale aliyosema ni yake na Mungu wake.

Tangu hapo jumuiya yetu imejiwekea utaratibu mpya. Tunapokutana tunaanza na shukrani, kila mtu jambo moja. Tunakaa kimya kwa ajili ya kuungama. Tunaombea majina, na mmoja wetu huleta habari za dunia, kwani vita havijakwisha na Kongo haiko mbali nasi. Tunaomba mahitaji yetu bila aibu, ada za shule na kodi ya nyumba. Na kama kuna aliyefiwa au aliyevunjika moyo, tunasoma zaburi ya maombolezo na kumwacha aseme mpaka amalize, na hakuna anayemkatiza kwa faraja ya haraka.

Ninachowaomba wazazi wa leo ni hiki: watoto wenu wawasikie mkisali, na wazisikie sala zote. Wengi mnasali vyumbani mmefunga mlango, au mnawaachia wachungaji na wahubiri wa redioni. Mtoto aliyelelewa kwa shangwe peke yake atakuwa bubu siku ya kaburi, na aliyelelewa kwa vilio peke yake hatajua la kusema siku ya mavuno. Anayeomba bila kutubu atamfanya Mungu kuwa duka, na anayetubu bila kuwaombea wengine atakuwa anajitazama yeye tu maisha yake yote. Wapeni zote, na muwape mapema, kwa kuwa hakuna ajuaye ni ipi wataihitaji kwanza.